Oili ya Kwenda Makete

Mwezi uliopita niliitwa kwenye usaili wa kazi, wa saba tangu nimalize chuo, na mmoja wa watu watatu waliokaa mbele yangu akaniomba nieleze kosa kubwa nililowahi kufanya na lilinifunza nini. Swali hilo nilikuwa nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo. Kosa langu lilikuwa tayari, dogo na safi: niliwahi kufuta kwa bahati mbaya kazi ya kikundi siku moja kabla ya kuiwasilisha, na tangu hapo huhifadhi kila kitu mara mbili. Lakini nje ya dirisha fundi alikuwa anabadilisha oili ya jenereta. Ile ya zamani ilikuwa ndani ya beseni, juani, na harufu yake ikapanda mpaka mezani petu, harufu nzito ya oili yenye joto ambayo hukaa nyuma ya koo kama kidonge kilichokwama. Nilianza kueleza habari za kompyuta, nikafika katikati ya sentensi, nikanyamaza. Mama mmoja kati ya wale watatu akanisogezea glasi ya maji. "Usiwe na haraka, dada," akasema. Niliyanywa maji yote. Kosa langu halisi halikuwa na uhusiano wowote na kompyuta.

Kazi sikuipata. Hilo nililijua kabla hata sijafika getini.

Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi Nyakato, jijini Mwanza, baba, mama na mimi, katika vyumba viwili vilivyopakana na ukuta wa kiwanda. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mngurumo usiokatika, na nilipokuwa mdogo zaidi niliamini kwamba ukuta wenyewe ndio ulionguruma. Mbele ya nyumba palikuwa na uwanja wa changarawe ambapo baba aliegesha lori lake. Lilikuwa la mtumba, la bluu, limechoka, na kila lilipopanda mlima lilitoa moshi wa kukohoza watu. Mama alinunua dagaa soko la Mwaloni, akawaanika tena juu ya mawe ya nyuma ya nyumba mpaka wakauke kabisa, akawafunga kwenye magunia, na baba akawapeleka Singida, Dodoma, Iringa, popote walipohitajika. Akirudi alileta vitunguu, mbao au viazi. Mimi nilikuwa mtoto pekee wa watu wawili waliokuwa na kazi nyingi, na mtoto wa namna hiyo hujifunza kuongea na vitu. Mimi niliongea na lori.

Nililijua kwa sauti. Asubuhi baba alipanda, akageuza ufunguo mara moja, nalo likaitika papo hapo, kama mtu aliyekuwa macho muda wote akisubiri kuitwa. Mwanza magari hayajui asubuhi mbaya. Hata mwezi wa saba, upepo wa ziwani ukiwa na ubaridi kidogo na mama akinivisha sweta la shule, mawe ya Nyakato huwa bado yana joto la jana. Na kwa kuwa magari mengi ya mtaani kwetu yalikuwa yamezeeka kama letu, mafundi wote walikubaliana jambo moja, kwamba injini iliyochakaa inataka oili nzito, oili ya kushiba. Nyepesi, walisema, itapenya kila mwanya na kuishia kuwa moshi. Maneno hayo niliyasikia mara nyingi nikiwa nimekaa juu ya tairi la akiba, na niliyaamini kama nilivyoamini kwamba uji mzito unatia nguvu kuliko uji mwepesi.

Kisha baba akapata mzigo wa kwenda Makete, kule nyanda za juu kusini, ambako hakuwahi kufika. Ilikuwa kipindi cha baridi. Madereva wenzake walimtisha kwa masimulizi, naye akaja kunisimulia mimi, jioni, tukiwa tumekaa kwenye ngazi ya lori.

"Huko, mama," alisema, maana aliniita mama kama wababa wengi wanavyowaita binti zao, "huko umande unaganda juu ya majani. Ukiukanyaga unavunjika kama maganda ya karanga."

"Lori litalala wapi?"

"Nje."

"Peke yake?"

Alicheka. "Asubuhi gari za huko hazitaki kuamka. Watu wanaziwekea jiko la mkaa chini ya tumbo, zinaota moto kwanza."

"Kama bibi?"

"Kama bibi yako kabisa. Zinakohoa, zinalalamika, halafu ndiyo zinanyanyuka."

Alisema hivyo ili nicheke, lakini sikucheka. Picha ile niliibeba mpaka shuleni: lori letu likiwa peke yake mlimani, likitetemeka, mahali ambapo hakuna anayelijua. Nyumbani mama alikuwa anafunga mzigo wa baba. Alitandika juu ya kitanda sweta zake zote, akazipima kwa mkono, akachagua nzito kuliko zote. Akaongeza blanketi la kijivu ambalo hatukuwahi kulitumia kwa sababu ya uzito wake. "Baridi haichezewi," alisema. Nikaona kwamba kila mtu alikuwa anaufikiria mwili wa baba, na hakuna aliyefikiria mwili wa lori.

Jumamosi, siku mbili kabla ya safari, baba alinipa dumu tupu, hela na karatasi iliyokunjwa. "Mpelekee Babu Hirji. Mwambie akujazie kama nilivyoandika." Babu Hirji alikuwa mzee wa Kihindi mwenye duka la vipuri na oili kando ya barabara kuu. Alizaliwa Mwanza, baba yake pia alizaliwa Mwanza, na Kisukuma alikijua vizuri kuliko mimi niliyekuwa ninaongeleshwa Kiswahili tu nyumbani. Duka lake lilinuka ubani na oili kwa pamoja. Oili aliiuza kwa kuipima kutoka kwenye mapipa, ukija na chombo chako.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu. Mwangaluka!"

Nilibaki nimetoa macho. Hiyo ni salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na mtoto mdogo kuliko mimi angeiitikia.

"Msukuma gani huyu?" aliwauliza wateja wawili waliokuwa wamesimama pale. "Mimi Mhindi ndiyo nimfundishe?" Wakacheka. Akavaa miwani, akaisoma karatasi. "Na baba yako safari hii anaenda wapi, Ulaya?"

"Makete, babu."

"Ahaa. Basi kaandika vizuri." Akaenda kwenye pipa dogo lililokuwa pembeni, ambalo sikuwahi kuona mtu akilifungua. Alichota kidogo kwa kikombe cha bati, akakiinamisha nione. Oili ilikimbia ukingoni kama chai ya rangi.

Nilikuwa nimetoka kuliona lile blanketi kitandani. Nikamwona baba akipanda mlima wa umande ulioganda, amevaa sweta mbili, na chini yake lori limevaa shati la mikono mifupi.

"Hii nyepesi, babu."

"Ndivyo alivyoandika."

"Na ile nyingine ikoje?"

Alikuwa mzee mwenye subira kwa watoto. Akachota kutoka pipa kubwa la mlangoni, lile ambalo mtaa wote ulinunua. Oili ilishuka taratibu kurudi ndani ya pipa, ikajikunja tabaka juu ya tabaka kabla ya kuzama. Ilijikunja kama blanketi hasa. Sikuhitaji kufikiri tena.

"Baba amebadilisha," nikasema. "Hiyo karatasi aliandika jana. Leo amesema nzito."

Aliniangalia juu ya miwani. "Amesema lini?"

"Sasa hivi, wakati natoka."

"Una hakika?"

"Ndiyo, babu."

"Haya. Gari yake, si yangu." Akaichoma karatasi ya baba kwenye msumari mrefu uliosimama juu ya meza, pamoja na karatasi za wateja wengine wote, akajaza dumu.

Ule ulikuwa uongo wangu wa kwanza wenye mpango ndani yake, na niliusema kwa upendo. Sisemi hivi kwa kujitetea. Nimejaribu mara nyingi kuukumbuka kama utundu au ubishi, kwa sababu utundu unaadhibiwa na kwisha. Sijaweza. Nilitoka pale dukani nikiwa na furaha.

Jua la saa tano lilinipiga njia nzima, na dumu kichwani lilipata joto. Nilipofika, baba alikuwa chini ya lori anakaza nati. "Mimina wewe, mama, polepole," alisema kutoka huko chini. Nilipanda juu ya ndoo, nikaweka chupa iliyokatwa kama faneli, nikamimina. Kwa lile joto oili ilishuka bila kusita hata kidogo. Baba alitoka akiwa na vumbi mgongoni, akachomoa kipimo, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. "Imekaa sawa. Leo umenisaidia kweli." Alipoingia ndani kunawa nililipapasa lori mbele, pale kwenye taa, nikaliambia kwamba sasa halitasikia baridi.

Simu ilipigwa siku ya sita. Simu ya mama ilikuwa imeharibika spika ya sikioni, kwa hiyo kila aliyempigia alisikika uwanja mzima. Siku ile Mama Neema, jirani yetu, alikuwa anafua pale nje pamoja na wanawake wengine wawili.

"Gari imegoma, Mama Nyamizi," ilisema sauti ya baba. Nyamizi ni mimi.

"Imegoma nini?"

"Baridi. Asubuhi oili imeganda, starta inazunguka mara mbili inalala. Tumeweka majiko mawili chini ya injini."

"Majiko ya nini?"

"Ya mkaa. Iote moto."

Mama aliitazama simu kama mtu anayetazama uso. "Gari inaota moto."

"Ikawaka, lakini ikaanza kugonga. Oili haikuwahi kupanda juu. Imenoki, vyuma vimeshikana kabisa. Itabidi nikae huku mpaka injini ifunguliwe."

Mama Neema alikuwa anakamua shuka. Hakuinua uso. "Hiyo baridi naijua mimi," alisema. "Hiyo baridi ina jina, na inafunga kitenge."

Wenzake wakaangua kicheko. Mama naye alicheka, kicheko kifupi cha kutowaudhi majirani, na kilinitisha kuliko kama angelia.

Lazima mjue kwamba pale Nyakato hakuna mtu aliyewahi kuona gari likishindwa kuwaka kwa sababu ya baridi. Kwa watu wa kwetu gari hukataa kwa sababu betri imekufa, au mafuta yameingia maji, au dereva hataki kurudi nyumbani. Baba angesema amevunjikiwa na ekseli wangeamini. Angesema ameibiwa matairi wangempa pole. Yeye alisema kweli, na kweli ile haikufanana na kitu chochote walichokijua.

Mimi mwenyewe sikuelewa mara moja. Nilidhani baridi ya huko ilikuwa kubwa kuliko hata oili nzito, na kwamba ningeweza kutafuta iliyo nzito zaidi. Siku chache baadaye nilimwuliza fundi mmoja wa mtaani, kwa mzunguko, kama mtoto anayeuliza habari za watu wengine. "Huko juu wanaweka nyepesi," alinijibu huku akipiga nyundo. "Ukiweka nzito ni kama umeimwagia injini ugali. Itatembea saa ngapi?" Akaendelea kupiga nyundo yake. Nilirudi nyumbani nikijisikia baridi katika jua la mchana, na tangu siku hiyo sikuongea tena na lori, wala na kitu kingine.

Wiki zikawa miezi. Baba alipiga simu, kwanza kila siku, kisha kila Jumapili. Injini ilifunguliwa, kifaa kikakosekana, kikaagizwa, kikaja kisichofaa. Viazi alivyokuwa amepakia vikaoza. Mama aliuliza maswali machache zaidi kila mara, mpaka akafikia kuuliza moja tu, kama amekula. Mimi nilikuwa ninakaa uwanjani, pale ambapo lori lilikuwa likisimama, kwenye duara jeusi la oili iliyodondoka kwenye changarawe. Neema aliniita kucheza akachoka kuniita. Nilikuwa na jibu la swali lililokuwa linaitafuna nyumba nzima, na hakuna aliyefikiria kumwuliza mtoto. Kila asubuhi nilijiambia kwamba leo mtu akiniuliza nitasema. Niliweka masharti: akiniuliza kabla ya chai, akiniuliza kwa jina langu. Nadhani ndipo nilipoanza tabia hii niliyonayo, ya kulipanga jambo vizuri kiasi kwamba halifanyiki.

Baba alirudi kwa basi, mchana, bila lori. Alitembea kutoka barabarani akiwa amebeba lile blanketi la kijivu begani, amekonda. Mama alimpa maji ya kunawa, akampa chakula, akasubiri mpaka amalize. Mimi nilitumwa chumbani. Vyumba vyetu vilitengwa na pazia lisilofika sakafuni, nikakaa chini nyuma yake.

"Kuna mwanamke?" mama aliuliza.

"Hakuna."

"Kwa hiyo ni baridi."

"Ni baridi na oili, Mama Nyamizi. Ile haikuwa oili niliyoagiza. Nilipoimwaga kule ilikuwa ile nzito ya huku."

"Uliandika nini kwenye karatasi?"

"Nyepesi."

"Yule mzee anauza oili tangu kabla wewe hujazaliwa. Leo kwako ndiyo amekosea?"

Kutoka nilipokuwa niliona miguu ya baba tu, chini ya pazia. Ilikuwa imemwelekea mama. Kisha ikageuka, taratibu, vidole vikanielekea mimi.

"Labda niliandika vibaya mwenyewe," alisema.

"Sasa umebadilisha," alisema mama. Hakupandisha sauti. "Sasa hivi ulikuwa na hakika."

Kesho yake mama alinishika mkono tukaenda kwa Babu Hirji. Alikuwa mwanamke wa kuhakikisha mambo. Gunia la dagaa alilifungua mpaka chini kabla ya kulinunua. Alimsalimia yule mzee, akamweleza kwa maneno machache, akauliza: je, alitoa oili aliyoandikiwa?

"Nilitoa niliyoombwa, mama," alisema Babu Hirji.

"Iliombwa nzito?"

"Iliombwa nzito."

"Yeye anasema aliandika nyepesi."

Mzee aliweka mkono wake juu ya lile rundo la karatasi kwenye msumari. Ya baba ilikuwa humo, chini huko, na nadhani alijua iko wapi. Hakuitoa. Aliniangalia.

"Aliyekuja kuchukua ni wewe, mjukuu. Unakumbuka tulivyoongea?"

Mama akageuka. "Unakumbuka?"

Sijawahi kuulizwa swali kwa upole kiasi kile, na watu wawili kwa wakati mmoja. Lilikuwa ndilo swali nililolisubiri miezi yote. Mle dukani ubani ulikuwa unafuka, lori la mtu lilikuwa linapita barabarani, na mama alikuwa amenishika mkono lakini si kwa nguvu. Nilifikiri kwamba nikisema, atauachia.

"Sikumbuki," nikasema.

Babu Hirji aliondoa mkono juu ya karatasi. "Mtoto huyo, mama," alisema. "Imepita muda." Akanipa pipi kutoka kwenye chupa, nami nikaipokea kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa.

Baba alikaa nasi siku tatu. Hapakuwa na ugomvi. Heri kungekuwa na ugomvi, kwa sababu kwenye ugomvi mtu anaweza kupiga kelele kitu chochote. Mama alimwambia arudi alikotoka, kwamba yeye hawezi kuishi na mtu anayebadilisha maneno. Baba alisema anakwenda kuliangalia lori. Aliniaga kwa kunishika kichwa, hakuniuliza kitu, wala hakuwahi kwenda kwa Babu Hirji kulalamika. Hilo la kutokwenda nimelifikiria zaidi ya mambo mengine yote.

Lori liliishia kuuzwa vipande vipande huko huko Makete. Miaka ikapita, baba akaanza kulima viazi, na baadaye akaoa. Hivyo yale waliyoyasema Mama Neema na wenzake yakawa kweli, yakiwa yamechelewa. Mtaa ukajiona ulikuwa sahihi tangu mwanzo. Wakati wa mitihani baba alinipigia kunitakia heri, na mimi nikamjibu kwa sentensi fupi, na kila mara baada ya kukata nilibaki nimeishika simu.

Nimesoma sana kuhusu oili, kuliko inavyomfaa mtu aliyesomea utawala. Najua kwamba iliyo nyepesi wakati wa baridi hukimbia na kufika juu ya injini kabla vyuma havijasagana, na kwamba iliyo nzito, asubuhi ya barafu, hukaa chini kama samli huku injini ikizunguka kavu. Najua kwamba betri nayo hudhoofika kwa baridi, kwa hiyo starta inapewa kazi kubwa na nguvu ndogo. Nimejitafutia utetezi humo. Labda betri ilikuwa mbovu. Labda injini ile, kwa moshi wake, ingekufa tu kabla ya mwaka kwisha, hata kwenye joto la Nyakato. Labda mama alikuwa ameshachoka, na oili ilikuwa kisingizio. Kila labda ninaipima, na kila moja inanibeba mpaka katikati na kuniacha hapo.

Jumapili iliyofuata baada ya ule usaili nilimkuta mama nyuma ya nyumba anachambua dagaa. Nilikaa upande wa pili wa ungo, nikaanza kuchambua naye, nikamwambia. Nilikuwa nimeandaa utangulizi lakini sikuutumia. Nilianzia kwenye blanketi, nikaishia kwenye "sikumbuki".

Mikono yake haikusimama. Alitoa kokoto, akazitupa.

"Ulimwambia yule babu kwamba baba yako amebadilisha."

"Ndiyo, mama."

"Ili gari isisikie baridi."

"Ndiyo."

Aliendelea kuchambua kwa muda mrefu. Nilikuwa ninasubiri aseme kwamba nilikuwa mtoto. Nilikuwa nimelisikia neno hilo kichwani kwa miaka, kwa sauti yake, nikajua hata jinsi ambavyo angelivuta. Hakulisema.

"Kwa hiyo hakuwa na mtu," alisema badala yake. Kisha mikono ikasimama. "Na alijua. Yule mtu alikuwa na mwandiko mzuri kuliko mwalimu. 'Labda niliandika vibaya.' Alikuwa anakusitiri wewe, na mimi nikamwita mwongo." Akajifuta magamba kwenye kanga. "Nipigie."

"Nani?"

"Baba yako. Weka sauti kubwa."

Iliita mpaka nikadhani itakatika. Akapokea mwanamke. "Haloo? Mwenyewe yuko shambani, simu ameacha kwenye chaji. Naongea na nani?"

Mama alinitazama, kisha akaichukua simu mkononi mwangu. "Mama Nyamizi. Wa Mwanza."

Kule alisikika mtoto akiomba kitu, akanyamazishwa. "Shikamoo, mama," alisema yule mwanamke.

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo, mama. Tunapambana na baridi tu."

"Kali?"

"Kali, mama. Leo gari ya jirani imekataa kabisa, mpaka wameiwekea jiko."

Mama alifumba macho. "Poleni sana," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Akirudi mwambie nimepiga. Mwambie ninaamini."

"Unaamini nini, mama?"

"Mwambie hivyo tu."

Alinirudishia simu, akauvuta ungo upande wake, akanipa mgongo. Tulikaa hivyo, yeye akichambua na mimi sina cha kufanya kwa mikono yangu, mpaka kivuli cha nyumba kikafika miguuni petu. Simu ikaita. Ilikuwa namba ya baba.

Nilimnyooshea mama. Hakugeuka.

"Mimi nimeshasema langu," alisema. "Pokea."

Nilipokea, nikasema shikamoo baba, na kabla hajamaliza kuitikia nikaanza kumweleza habari za karatasi.